Kuonja porto ya vinteji iliyozeeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja zaidi kutoka kwa watu wa aina mbili: aliyezawadiwa chupa ya zamani na anaogopa kuifungua, na aliyeonjeshwa mahali fulani, akapenda, ila hakuelewa alichopenda. Majibu yameandikwa kwa wote wawili. Herufi ndogo, porto, ni kinywaji. Porto ni jiji.

Porto ya vinteji ni kitu gani hasa?

Ni mvinyo mwekundu, mtamu na mzito, unaotoka bonde la mto Douro kaskazini mwa Ureno. Zabibu hukanyagwa, maji yake huanza kuchachuka, na baada ya siku mbili tatu, karibu nusu ya sukari ikiwa bado haijaliwa na hamira, hutiwa pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya pombe hiyo kwa sehemu nne hivi za mvinyo. Hamira hufa palepale, sukari iliyobaki haiguswi tena, na unapata kinywaji kitamu chenye kilevi cha asilimia 19 hadi 22.

Hiyo ni porto yoyote nyekundu. Inaitwa ya vinteji ikiwa imetoka kwenye mavuno ya mwaka mmoja tu, mwaka mzuri, ikakaa ghalani muda mfupi na kutiwa chupani bila kuchujwa kati ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya mavuno. Taasisi ya mvinyo wa Douro na Porto, IVDP, huionja na kuikubali kabla haijauzwa kwa jina hilo. Ikishafungwa, kazi yote iliyobaki hufanyika ndani ya chupa, gizani, kwa miaka 20, 40, wakati mwingine zaidi ya 60.

Chupa yangu imeandikwa "Tawny 20". Si ndiyo hiyo hiyo ya miaka ishirini?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Tawny hukomalia ndani ya pipa. Mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, rangi hupauka kuwa ya kahawia na ladha huelekea kwenye njugu na sukari iliyoungua. Ile 20 inaeleza umri na tabia ya mchanganyiko uliomo, si mwaka wa mavuno. Ikitiwa chupani iko tayari. Kuiweka kabatini miaka kumi hakuiongezei kitu.

Vinteji hukomalia ndani ya kioo, karibu bila hewa. Inabaki nyekundu kwa muda mrefu, inabaki na matunda yake, na inaangusha mashapo mazito. Kuna pia LBV (Late Bottled Vintage, yaani vinteji iliyochelewa kutiwa chupani), ya mwaka mmoja lakini iliyokaa pipani miaka minne hadi sita. Nyingi huchujwa na kunywewa mara moja. LBV isiyochujwa ni shule nzuri na ya bei nafuu kwa anayeanza. Ningemshauri mtu apitie huko kwanza kabla hajatoa pesa ya chupa ya 1970.

Kwa nini haitengenezwi kila mwaka?

Kwa sababu kila kampuni hujiamulia. Baada ya kuonja mvinyo wake mchanga kwa karibu miaka miwili, kampuni "hutangaza" mwaka, au hukaa kimya. Kwa desturi miaka inayotangazwa na kampuni nyingi kwa pamoja ni kama mitatu kwa kila kumi: 1963, 1966, 1970, 1977, 1985, 1994, 1997, 2000, 2003, 2007, 2011. Ndiyo maana mwaka 2016 ulipofuatwa moja kwa moja na 2017, wote wawili wakitangazwa na majina makubwa, lilikuwa jambo la kuzungumzwa.

Si hali ya hewa peke yake inayoamua. Zabibu za 1931 zilikuwa nzuri sana, lakini dunia ilikuwa imeanguka kiuchumi na maghala ya wateja wa Uingereza bado yalikuwa na 1927 tele. Kampuni nyingi zilinyamaza. Kampuni ya Quinta do Noval ikatangaza, na ile chupa yake iitwayo Nacional, ya mizabibu isiyopandikizwa juu ya shina la kigeni, imekuwa mojawapo ya porto zinazotamaniwa kuliko zote.

Katika miaka ya wastani, kampuni hutoa porto ya shamba moja: Quinta de Vargellas ya Taylor's, Quinta dos Malvedos ya Graham's, Quinta do Bomfim ya Dow's. Hukomaa mapema kidogo na bei yake ni ya kiungwana.

Nisubiri mpaka lini?

Porto ya vinteji ina vipindi. Miaka mitatu minne ya mwanzo inajaa matunda meusi na maua, na wapo wanaoipenda hivyo. Sina ugomvi nao. Kisha hujifunga. Kati ya mwaka wa tano na wa kumi na tano hivi unaweza kufungua chupa nzuri ukakuta imenuna, haina harufu ya kueleweka, ukakasi umeshika ulimi. Baada ya miaka ishirini huanza kufunguka, na nyingi hufikia ubora wake kati ya 25 na 40. Za miaka mikubwa huendelea mbele zaidi ya hapo.

Kwa leo: 1963 ndiyo yenye jina, na bei yake inajua hivyo. 1970 ni ya kutegemewa karibu kwa kampuni zote. 1980 na 1983 zimekuwa zikipuuzwa kwa kuwa zilifunikwa na sifa za 1977, na mimi ningetafuta huko. 1994 imeshaingia wakati wake. 2011 bado iache ilale.

Waingereza walikuwa na desturi ya kumnunulia mtoto wa ubatizo pipa zima la porto ya mwaka aliozaliwa. Pipa moja la kupimia ni karibu lita 550, yaani chupa zaidi ya mia saba. Mtoto alipofika utu uzima, porto nayo ilikuwa imefika.

Wareno waliojenga Fort Jesus walikunywa hii?

Swali zuri, na jibu ni hapana. Ngome ilianza kujengwa 1593, na Waomani waliitwaa 1698. Usafirishaji wa kwanza wa mvinyo ulioandikwa kwa jina la Porto ni wa 1678, na wakati huo kutia pombe kali wakati zabibu zinachachuka haikuwa bado desturi. Mipaka ya Douro iliwekwa 1756 na serikali ya Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa Ureno, kwa nguzo za mawe ambazo nyingine zimesimama hadi leo. Vinteji tunayoizungumzia ilihitaji kitu kingine tena: chupa ya umbo la silinda, inayoweza kulazwa ubavu ili kizibo kisikauke. Chupa za zamani zilikuwa na tumbo na hazilaliki. Ndiyo maana mwaka 1775 ndio hutajwa kama mwaka wa kwanza wa vinteji kwa maana yetu. Mabaharia wa Mombasa walikunywa mvinyo, bila shaka, ila si huu.

Nimeletewa chupa kutoka Ulaya. Niifungue wikendi hii?

Ikiwa ni ya zamani, usifanye hivyo. Safari imeyatikisa mashapo, na yale membamba huchukua muda kushuka. Ipe wiki mbili angalau, na mwezi ni bora zaidi kwa chupa ya miaka arobaini.

Kuna alama ndogo ya kuangalia: baadhi ya chupa za zamani zina doa la rangi nyeupe ubavuni. Halikumwagika kwa bahati mbaya. Lilipakwa ghalani ili anayehamisha chupa ajue upande uliokuwa juu na ailaze vilevile, maana mashapo ya miaka mingi yameganda upande wa chini. Anayeifuta kwa sabuni ili zawadi ipendeze anafuta maelekezo.

Nitaiwekaje kwenye joto la Dar, Mombasa au Muscat?

Hapa lazima tuwe wakweli. Porto hutaka nyuzijoto 12 hadi 14, giza, unyevu wa kutosha na utulivu. Chumba cha kawaida cha pwani hukaa karibu na 30 kwa miezi mingi. Porto huvumilia zaidi kuliko mvinyo mwepesi kwa sababu ya sukari na kilevi, lakini joto huikimbiza: inazeeka haraka, inapoteza matunda, na mvinyo ukitanuka husukuma kizibo.

Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko joto moja lisilobadilika. Kabati la mvinyo lenye ubaridi ni jibu zuri, mradi umeme unapokatika lisifunguliwe. Friji ya jikoni inafaa kwa wiki kadhaa, si kwa miaka. Baridi yake ni kali mno na hewa yake inakausha. Juu ya friji, mahali ambapo chupa nyingi za zawadi huishia, ndiko mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Na kama huna sehemu ya baridi, usinunue chupa changa kwa nia ya kuizeesha. Nunua iliyokwisha kuzeekea pazuri, iinywe ndani ya miezi michache.

Kizibo cha zamani hakitavunjika?

Huenda kikavunjika. Baada ya miaka thelathini kimelainika chini na kukauka juu. Kizibuo cha kawaida cha msokoto hutoboa katikati na kuacha makombo. Bora kile chenye meno mawili bapa: unayapenyeza kati ya kizibo na kioo kwa kuyumbisha taratibu, kisha unazungusha huku ukivuta. Kikikatika, toa unachoweza. Kipande kikizama, si msiba, utachuja.

Mjini Porto utaonyeshwa njia nyingine: koleo la chuma linalochomwa motoni hadi liwe jekundu. Hubanwa shingoni chini ya kizibo kwa muda mfupi, kisha hufuatiwa na kitambaa au brashi yenye maji baridi. Kioo hukatika kwa mstari safi, na shingo hutoka pamoja na kizibo chake. Inapendeza kutazama. Usiijaribu jikoni kwako kwa koleo la mkaa.

Kumimina kunafanywaje?

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na haihitaji kifaa cha bei. Unahitaji jagi safi la kioo, taa ndogo na mkono usiotetemeka.

Simamisha chupa wima siku moja au mbili kabla. Kama ilikuwa imelala, iinue polepole, upande ule ule uliokuwa juu ukibaki juu, usiizungushe. Siku yenyewe, kata karatasi ya shingoni yote, mpaka kioo kionekane. Ukiikata mdomoni tu hutaona kitu. Futa mdomo kwa kitambaa kibichi kabla na baada ya kutoa kizibo, kwa sababu ukungu mweusi wa pale juu una ladha yake na hutaki iingie.

Washa mshumaa au tochi ya simu, uiweke ili mwanga upite chini ya bega la chupa wakati umeinama. Anza kumimina kwa mkondo mwembamba, na ukishaanza usirudishe chupa wima hata kidogo. Kosa la kawaida ni mtu kujaza glasi ya kwanza, akasimamisha chupa, akarudi kwa ya pili. Kila akisimamisha, mvinyo unarudi nyuma na kuyakoroga mashapo yote. Mimina yote kwenye jagi kwa mkupuo mmoja mrefu, kwa dakika mbili tatu, macho yakiwa shingoni na si kwenye jagi.

Robo tatu ya kwanza itapita safi, nyekundu yenye kung'aa. Kisha utaona uzi mweusi ukianza kutambaa kwenye mwanga, mwembamba, ukifuata upande wa chini wa shingo. Subiri kidogo, huo wa kwanza una vipande vikubwa na vizito na husimama begani. Ukianza kuona wingu, mvinyo wenyewe umepoteza ung'avu wake, acha palepale. Sentimita chache zitabaki chupani. Usizionee huruma.

Wengine hutumia kitambaa cha melimeli kilichosuuzwa kwa maji safi bila sabuni. Ni sawa kama kizibo kimevunjika. Chujio la karatasi la kahawa silipendi, huacha ladha ya karatasi.

Ikae kwenye jagi muda gani?

Inategemea umri, na kanuni ni kinyume cha wanavyodhani wengi. Changa ya miaka kumi inaweza kukaa saa nne hadi sita, hata zaidi. Ya miaka 25 hadi 40 ipe saa moja au mbili. Ya zaidi ya miaka 50, mimina muda mfupi tu kabla ya kunywa, kwa kuwa harufu yake ya mwanzo ndiyo nyororo zaidi na inaweza kutoweka kabla wageni hawajamaliza kula. Njia salama ni kuionja mara tu baada ya kumimina. Ikiwa imefunguka, usiisubirishe.

Glasi ipi, na baridi kiasi gani?

Sahau vile vikombe vidogo vya kioo vinavyotolewa kwenye hoteli. Havina nafasi ya kuzungusha wala ya pua. Glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe, yenye mdomo mwembamba kuliko tumbo, inafaa kabisa. Ijaze theluthi moja tu. Álvaro Siza Vieira, msanifu majengo mashuhuri wa Ureno, alibuni glasi rasmi ya porto yenye mguu wa pembe ili vidole visishike kikombe. Ni nzuri lakini si lazima.

Nyuzijoto ya kunywea ni 16 hadi 18. Maandishi ya zamani husema "joto la chumba", wakimaanisha chumba cha Uingereza kisicho na moto. Sebuleni kwetu kwenye 29, pombe itapanda puani ikufunike kila kitu. Weka jagi kwenye friji dakika ishirini hivi kabla. Ni tofauti kubwa kuliko ile kati ya glasi ya bei rahisi na ya bei mbaya.

Rangi inaniambia nini?

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingoni. Porto changa ni ya zambarau nzito hadi mwisho, huoni kidole chako nyuma yake. Miaka ikienda, zambarau inakuwa nyekundu, kisha nyekundu ya tofali, na ukingo unapata rangi ya chungwa iliyopauka, halafu ya kahawia. Katika chupa iliyozeeka vizuri utaona hatua kadhaa kwenye glasi moja, moyo mwekundu na ukingo wa tofali. Ikiwa yote ni kahawia na imefifia, imepita wakati wake au iliwekwa kwenye joto. Angalia pia kiwango chupani kabla ya kununua: mvinyo ukifika shingoni ni vizuri, ukiwa juu ya bega si ajabu kwa umri mkubwa, ukiwa umeshuka katikati ya bega uliza kwa nini.

Nikinusa natakiwa kusikia nini?

Usitafute orodha ya mtu mwingine. Vitabu vya Ulaya vimejaa matunda ambayo wengi wetu hatukuyachuma utotoni, na mtu akishindwa kusikia "blackberry" anadhani pua yake ni mbovu. Pua yake ni nzima. Imesoma shule nyingine.

Na kwa porto iliyozeeka, shule ya pwani ni nzuri ajabu. Tende zilizoiva sana, zile zinazonata. Zabibu kavu za pilau. Tini. Karafuu, tena ile ya juani kwenye jamvi na si ya unga wa kopo. Ganda la mdalasini. Sukari guru ikiyeyuka kwenye sufuria. Majani ya chai makavu ukifungua pakiti. Tumbaku ambayo haijawashwa, ngozi ya viatu vipya, mbao za kasha la zamani la Zanzibar ukiinua kifuniko. Hizi si sifa za kupamba, ni harufu zinazotokea kweli mvinyo ukikaa chupani muda mrefu, matunda mabichi yakigeuka kuwa matunda makavu, viungo na mbao. Anayeuza viungo Darajani angeionja vizuri kuliko wanunuzi wengi.

Fanya hivi. Nusa kwanza bila kutikisa glasi, kidogo tu. Harufu nyepesi za maua huwa hapo juu na hukimbia. Kisha zungusha, subiri kilevi kipite, nusa tena. Toka nje kidogo au nusa mkono wako mwenyewe, urudi. Mara ya tatu ndiyo huleta jina. Sema neno la kwanza linalokuja hata kama ni la ajabu, kama vile kashata au uvumba wa misa. Aliyekaa jirani yako akiitikia kwa kichwa, mmeanza kuonja.

Na acha manukato siku hiyo. Udi ukifukizwa nyumbani jioni hiyo, hakuna porto itakayosikika.

Na mdomoni?

Chukua funda dogo, lipitishe ulimi wote na ufizi kabla ya kumeza. Utamu utaupata kwanza, usikusumbue. Porto ina sukari ya gramu 100 hivi kwa lita na haifichi. Unachotafuta ni nini kinaushikilia utamu huo. Uchachu ndio unaofanya mate yatoke na mdomo utake funda jingine. Ukakasi, ule wa tanini unaokausha ufizi kama ndizi mbichi, ndio uti wa mgongo. Katika chupa changa unauma. Katika iliyokomaa umelainika lakini upo, na sehemu ya tanini hizo ndiyo ile uliyoiona ikibaki na mashapo.

Kisha kilevi. Asilimia 20 si mchezo, lakini kwenye porto nzuri ya umri mkubwa kooni hupati moto bali joto. Ukisikia kuungua, ama imetolewa ikiwa na joto mno, ama haikuwa na mwili wa kutosha tangu mwanzo. Mwisho, ukishameza, kaa kimya uhesabu. Ladha ya kinywaji cha kawaida hupotea ndani ya sekunde chache. Vinteji kubwa inaweza kupita dakika nzima, tena ikibadilika njiani, ikianza na tende na kuishia na chai kavu.

Nitajuaje kama imeharibika?

Harufu ya gazeti lililolowa au godoro lenye ukungu ni ugonjwa wa kizibo, haitatibika. Harufu kali ya siki au rangi ya kucha inayozidi matunda, hiyo pia ni hasara, ingawa kidogo sana ya aina hiyo si jambo geni kwenye chupa kongwe. Ladha bapa, tamu tupu bila uchachu, mara nyingi ni joto. Mashapo si kuharibika. Chupa ya umri huo isiyo na mashapo ndiyo ya kutilia shaka.

Mvinyo mtamu wa Dodoma nao ni porto?

Si porto, na hauhitaji kuwa. Jina hilo linalindwa na sheria za Ulaya kwa ajili ya Douro peke yake, kwenye miteremko ile ya mawe ya shisti na zabibu kama Touriga Nacional, Touriga Franca na Tinta Roriz. Dodoma ina jambo lake ambalo Douro haiwezi kuliwaza: mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wazo zima la "mwaka" kwenye lebo ya vinteji limejengwa juu ya mavuno moja, majira moja ya baridi na kiangazi kimoja kirefu. Siku mzalishaji wa Dodoma atakapoandika msimu badala ya mwaka kwenye chupa, nitainunua.

Iliwe na nini?

Jibini ya Stilton ni jozi ya Waingereza na inafanya kazi, kwa kuwa chumvi na utamu hupatana. Wareno watakupa jibini laini ya Serra da Estrela. Kwetu, kokwa za jozi na korosho zisizo na chumvi nyingi zinafaa, na chokoleti nyeusi kwa vinteji changa. Kwa iliyozeeka sana mimi sipendi chokoleti, inaifunika. Halua ni tamu mno juu ya utamu. Kipande kidogo baadaye, na kahawa.

Wafanyabiashara wa Kiingereza wa Porto walilielewa hili. Katika jumba lao, Factory House, lililokamilika 1790, kuna vyumba viwili vya kulia vilivyo sambamba. Wageni wakimaliza chakula huinuka wakaingia chumba cha pili, kwenye meza safi, ili porto inywewe bila harufu ya nyama.

Ni kweli lazima ipitishwe kushoto?

Ni adabu ya meza za Kiingereza, si ya Douro. Jagi huenda kwa wa kushoto, na anayesahau kulipitisha huulizwa kwa upole kama anamfahamu Askofu wa Norwich, dokezo tu la kumkumbusha. Asiyejua huulizwa tena. Faida yake ya kweli ni moja, kila mtu anapata.

Nitalewa?

Ukiinywa kama bia, ndiyo, haraka. Chupa moja iliyozeeka hutosha watu nane hadi kumi kwa glasi ndogo, na kwa bei yake mgawane hata gharama. Ukiwa unaonja chupa kadhaa, tema. Kutema si kukosa heshima. Wanaoamua kutangaza mwaka hufanya hivyo kutwa nzima. Anayeendesha gari ateme zote, au anuse tu.

Nikibakisha?

Changa itakaa siku tatu nne kwenye friji ikiwa imezibwa. Ya miaka thelathini, siku moja au mbili. Kongwe kabisa, imalize usiku huo huo. Ukionja kesho yake utashangaa; nyingine huamka nzuri zaidi, nyingine huwa zimekwenda.

Yale mashapo chini ya chupa nitayafanyia nini?

Yana uchungu na chengachenga, hayadhuru, ila hayanywewi. Yapitishe kwenye kitambaa, upate vijiko vichache vya mvinyo wa matope. Nyama ya ng'ombe ya kukaanga ikishatoka kwenye kikaango, mimina humo pamoja na kipande cha siagi, acha ichemke mpaka iwe nzito. Usitie sukari.